Maganda yatatoka wapi? Mvutano wa umeme wa tungamotaka katika nchi ya korosho

Anayetaka kuelewa kwa nini mpango wa kufua umeme kwa maganda ya korosho unaweza kugawa kijiji kizima cha Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, na aanzie uani, pale mama anapochoma korosho za kula nyumbani. Huchukua debe lililopasuliwa na kutobolewa matundu, akaliweka juu ya mafiga, akamwaga korosho ghafi na kuanza kuzigeuza kwa mti mrefu. Baada ya muda mfupi maganda hutoa jasho jeusi, jasho hilo hushika moto, na moshi unaopalia koo humfuata yeyote aliyesimama upande upepo unakoelekea. Watoto hufukuzwa wakae mbali. Moto ukishakolea hauhitaji kuni tena, kwani korosho hujiunguza zenyewe mpaka mwenyewe azimwage chini na kuzifukia kwa mchanga. Pale pale uani mambo mawili huwa yamedhihirika: ganda la korosho lina moto mwingi, na moshi wake ni mkali. Wanaounga mkono mtambo wameliona la kwanza, wanaoupinga wamelivuta la pili, na hakuna kati yao aliyekosea. Kwa maoni yangu, hata hivyo, ugomvi wao hauko hasa kwenye moto wala kwenye moshi. Uko kwenye swali ambalo mikutano mingi hulipita haraka, nalo ni la maganda yenyewe: yatatoka wapi, mwaka hadi mwaka, kwa muda wote ambao mtambo utakuwa unanguruma?

Neno tungamotaka linajumuisha kila kitu chenye asili ya mimea au wanyama kinachoweza kugeuzwa nishati: kuni, maranda ya mbao, pumba, makapi ya miwa, vifuu, mabua, hata samadi. Mtambo wenyewe hauna siri kubwa. Malighafi huchomwa katika tanuri, joto huchemsha maji ndani ya boila, mvuke wenye shinikizo huzungusha turbaini, na turbaini huzungusha jenereta. Tanzania si ngeni katika jambo hili. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi hujifulia umeme kwa makapi ya miwa, na kampuni ya TANWAT huko Njombe imekuwa ikitumia mabaki ya miti tangu miaka ya 1990. Lakini tofauti kati ya huko na Kusini ni kubwa kuliko inavyoonekana. Moshi na Njombe malighafi hufika kiwandani kwa sababu nyingine kabisa. Muwa huja kukamuliwa sukari na mti huja kuchakatwa, kisha kinachobaki huwa tayari kimo ndani ya uzio. Mwenye mtambo na mwenye mabaki ni mtu mmoja. Korosho ya Mtwara na Lindi hutoka kwa maelfu ya wakulima wadogo, hupita AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, huingia ghala kuu, hupigwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na baada ya hapo mkulima hana tena habari nayo, wala na ganda lake.

Tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala huu hubaki kuwa wa hisia. Tuchukue mtambo wa kufikirika wa megawati 5, ambao kwa viwango vya gridi ni mdogo sana. Kwa mitambo midogo ya mvuke, kanuni ya kukadiria ni rahisi kukumbuka: uniti moja ya umeme hula karibu kilo moja ya malighafi kavu. Megawati 5 ni uniti 5,000 kila saa, yaani tani 5 kila saa, yaani tani 120 kwa siku moja. Kwa lori la tani 10 hizo ni safari 12 za kuingia na 12 za kutoka, kila siku ya Mungu, katika barabara ambazo nyingi ni za mchanga kiangazi na tope masika. Mtambo ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka utahitaji tani 36,000. Sasa, katika kilo 100 za korosho ghafi, karibu kilo 70 ni ganda. Kwa hiyo, ili zipatikane tani 36,000 za maganda, ni lazima zaidi ya tani 51,000 za korosho zibanguliwe karibu na mtambo. Msimu wa 2017/18, uliovunja rekodi zote za kabla yake, nchi nzima ilivuna takriban tani 313,000. Mtambo mmoja mdogo ungedai maganda ya karibu moja ya sita ya mavuno hayo.

Idadi hiyo isingetisha kama korosho zingekuwa zinabanguliwa hapa. Lakini sehemu kubwa sana ya korosho yetu hupandishwa meli ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam, na ganda lake huenda nayo. Hilo ndilo fundo la kwanza katika mjadala huu, na nashangaa jinsi lisivyotajwa. Mtu anaweza kusimama mbele ya mkutano na kusema, kwa haki kabisa, kwamba mikoa ya Kusini inazalisha maganda mengi kuliko eneo lolote nchini. Ukweli mwingine, ulio wa haki vilevile, ni kwamba maganda hayo humenywa ng'ambo ya bahari. Hata yale machache yanayobaki yana wenyewe. Viwanda vya kubangua huyatumia kuchemsha maji ya kupikia korosho, na baadhi huyakamua mafuta.

Kisha kuna historia, ambayo wazee wa Masasi na Newala hawahitaji kusimuliwa. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza kujenga viwanda vya kubangua korosho, vikafika 12. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000, kwa sababu kadhaa zilizofuatana: watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa na kuacha mikorosho yao mbali, bei isiyolipa, na ugonjwa wa ubwiriunga uliounguza maua kabla ya wakulima kuzoea kupuliza salfa. Viwanda vilikosa korosho vikafungwa, na majengo mengi yakaishia kuwa maghala. Mzee aliyeshuhudia kiwanda kikubwa kikigeuka ghala ana sababu nzuri ya kuuliza mtambo wa umeme utakula nini mwaka ambao mikorosho itagoma. Kuna mipango ya kubadili hali, ikiwemo kongani ya viwanda ya Maranje katika Halmashauri ya Mji Nanyamba, na ikitimia hesabu ya hapo juu itabadilika sana. Lakini hapo utaratibu unapaswa kuwa ubanguaji kwanza, umeme wa maganda baadaye. Kuutanguliza mtambo ni sawa na kununua sufuria ya pilau wakati mchele bado uko shambani kwa mtu mwingine.

Mtambo uliokwisha kujengwa hauzimwi kirahisi. Una mkopo benki, una wafanyakazi, una mkataba wa kuliuzia umeme shirika la taifa, TANESCO. Maganda yakipungua utatafutiwa chakula kingine, na chakula kilicho karibu zaidi ni msitu. Ndiyo maana maneno ya mkataba yana uzito kuliko picha za rangi zinazobandikwa ukutani siku ya mkutano. Ikiwa hati inasema "maganda ya korosho", hilo ni jambo moja. Ikiwa inasema "tungamotaka", hilo ni jambo jingine kabisa, kwa maana mninga uliosimama nao ni tungamotaka, na mkorosho wa babu aliyekufa bila kugawa urithi nao ni tungamotaka. Misitu ya miombo hukua polepole; hekta moja huongeza takriban tani moja au mbili za kuni kavu kwa mwaka. Mtambo wetu wa mfano ukipungukiwa na nusu tu ya maganda, yaani tani 18,000, utahitaji ukuaji wa mwaka mzima wa hekta 9,000 hadi 18,000 za miombo ili ukate bila kumaliza. Ukikata katika eneo dogo kuliko hilo, unakula mtaji.

Hapa hoja ya tabianchi nayo inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hutumiwa na pande zote mbili. Ganda ambalo lingeachwa lioze au lichomwe ovyo nyuma ya kiwanda lingetoa hewa ya ukaa hata hivyo, hivyo kulichoma ndani ya tanuri ili lifue umeme ni faida tupu. Mti uliosimama hauko hivyo. Kuukata na kuuchoma kunatoa leo hewa ya ukaa ambayo mti mwingine utahitaji miongo kadhaa kuivuta tena, na hiyo ni pale tu mti huo mwingine utakapopandwa, ukaachwa, na usiliwe na moto wa kiangazi. Kwa hiyo hata swali la kama umeme huu ni safi haliwezi kujibiwa kabla ya kujua kinachoingia tanurini.

Na msitu wa Kusini si pori lisilo na mwenyewe. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyotenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, na mpingo wao una soko ambalo haliwezi kulinganishwa na bei ya kuni. Kilwa hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni kutoka Uholanzi ilitaka takriban hekta 34,000 katika vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe kwa ajili ya kulima mibono ya kutengeneza mafuta. Ilipanda eneo dogo tu, na ndani ya miaka michache ikafilisika. Ardhi haikurudi yenyewe mikononi mwa vijiji, kwa sababu katika kumpatia mwekezaji ilikuwa imeondolewa kwenye kundi la ardhi ya kijiji, na sheria haina njia fupi ya kuirudisha. Anayeshangaa kwa nini mtu wa Kusini husikia neno "nishati" akashika jembe lake kwa nguvu zaidi, sababu mojawapo ni hiyo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa kinga fulani, lakini inabidi ijulikane inapoishia. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa na haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hekta 250, mkutano mkuu hutoa maoni na uamuzi huwa wa waziri. Mtambo wenyewe, pamoja na sehemu ya kuhifadhia maganda, hautadai zaidi ya hekta chache, kwa hiyo kura ya kijiji ina nguvu kamili. Shamba la miti ya kuni ni habari nyingine, kwani litavuka mpaka huo mara moja. Ndiyo sababu ningependa kijiji kilichoombwa hekta 10 kiulize siku hiyohiyo kama ombi la pili liko njiani.

Turudi kwenye moshi, ambao ndio wenye makelele mengi zaidi. Mafuta yaliyomo ndani ya ganda la korosho ni makali kiasi cha kuunguza ngozi; kila aliyewahi kubangua kwa mkono anajua vidole vinavyobambuka, na ndiyo maana wabanguaji hujipaka mafuta mengine au majivu kabla ya kushika kazi. Mafuta hayo huchukua karibu robo ya uzito wa ganda. Yakichomwa katika moto hafifu, kama ule wa debe uani, hayaungui yote. Sehemu yake hupanda hewani kama mvuke wenye sumu na masizi yanayonata. Yakichomwa katika tanuri lenye joto la juu na hewa ya kutosha huungua vizuri zaidi, na vumbi linalobaki linaweza kunaswa na vichujio kabla halijafika kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo anayesema kwamba mtambo utatoa moshi uleule wa uani, mara elfu kumi, amekosea. Lakini anayesema hautatoa kitu naye amekosea, kwa sababu vichujio huziba, tanuri huwashwa na kuzimwa, na katika saa za kuwasha na kuzima moto huwa hafifu kama wa debe. Njia iliyo nzuri zaidi ni kuyakamua maganda kwanza. Mafuta yake yana soko, hutumika katika breki za magari, rangi na gundi, na mashudu yanayobaki huungua kwa utulivu zaidi. Ila mashudu ni machache kuliko maganda, na hapo swali la malighafi linarudi kwa mlango wa nyuma.

Jambo ambalo wageni hulisahau na wenyeji hulidhania limekwisha kufikiriwa ni maji. Mtambo wa mvuke unaopozwa kwa maji hupoteza hewani lita 2 hadi 3 kwa kila uniti, wakati mwingine zaidi. Kwa uniti 120,000 za siku moja, hizo ni lita 240,000 hadi 360,000, au ndoo 12,000 hadi 18,000 za lita 20. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito; mvua yake huzama mchangani na kuibukia chini kabisa, kwenye mabonde. Mradi wa maji wa Makonde ulianza enzi za ukoloni kwa sababu hiyo, na mpaka leo nyumba nyingi hutegemea maji ya mvua yanayokingwa kwenye visima vya uani. Mtambo unaweza kupozwa kwa hewa badala ya maji, kwa gharama kubwa zaidi na umeme pungufu kidogo. Ukijengwa bondeni karibu na mto Ruvuma, shida ya maji hupungua lakini malori hurefusha safari. Nimekwisha kusikia watu wakibishana saa nzima juu ya moshi bila mtu hata mmoja kutaja ndoo.

Je, kijiji kinapata nini? Matarajio ya kwanza ni umeme wa bei nafuu, na hapa inafaa kusema wazi kwamba kuishi kando ya mtambo hakushushi bei. Umeme huuzwa kwa TANESCO, bei ya mteja huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na ni ileile nchi nzima. Kinachoweza kubadilika ni uhakika wa umeme wenyewe, jambo ambalo kwa mwenye mashine ya kusaga au jokofu la samaki si dogo. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo, maana yake katika kila shilingi bilioni 1 ya mauzo hupata si zaidi ya shilingi milioni 3, nazo huingia wilayani, si kijijini. Ajira za ndani ya mtambo ni chache na nyingi ni za mafundi. Fedha halisi kwa wanakijiji iko kwenye kuuza malighafi na kuisafirisha. Lakini hapo ndipo wakulima waliowahi kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika, wakapimiwa kwa bakuli kwa sababu ya njaa ya mwezi wa nane, wanapohoji nani atakuwa dalali wa kuni na atapima kwa nini.

Swali la gesi haliwezi kukwepwa Mtwara. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay 1982, mji wa Mtwara unafuliwa umeme kwa gesi, na bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilizinduliwa 2015 baada ya ghasia za 2013 za kulipinga bomba hilo, zilizogharimu maisha ya watu. Mtu aliyepita katika hayo akiambiwa sasa kwamba achomewe maganda, husikia kana kwamba nyama imekwenda kwa wengine na yeye anabakiziwa mfupa. Kitaalamu vitu hivi viwili havipingani. Gesi itakwisha siku moja na maganda huja kila msimu. Lakini hoja ya kitaalamu haifuti kumbukumbu, na mwekezaji anayepuuza mwaka 2013 atakuta unamsubiri mlangoni.

Mgawanyiko wa kijijini, ukiutazama kwa karibu, haufuati mstari wa wasomi na wasiosoma kama inavyodhaniwa. Vijana wenye bodaboda na pikipiki za mizigo wanaunga mkono, kwa kuwa wanaona kazi. Wenye mikorosho mizee isiyozaa wanaunga mkono pia, kwa kuwa wanaona mnunuzi wa magogo. Wenye mikorosho michanga iliyo kando ya eneo wanapinga, wakihofia vumbi kuganda kwenye maua mwezi wa saba na wa nane, wakati uleule wa kupuliza dawa. Wanawake wanaookota kuni hawasemi sana mkutanini, lakini wao ndio wa kwanza kujua bei ya kuni ikipanda, na nadhani wanastahili kuulizwa peke yao. Watoto waliohamia Dar es Salaam hupiga simu wakiagiza ardhi isiuzwe, ingawa hawajalima hapo miaka kumi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya ujenzi, na wananchi wasikilizwe. Ripoti huwa nene na ya Kiingereza, lakini muhtasari wake unapaswa kuwepo kwa Kiswahili, na kijiji kina haki ya kuudai mapema badala ya kuonyeshwa siku ya kupiga kura. Ndani yake kuna ukurasa mmoja ambao ningeufungua kabla ya ule wa moshi, nao ni ule unaoeleza aina ya malighafi, kiasi chake kwa mwaka na mahali itakakotoka. Ukurasa huo ukijibu kwa majina ya viwanda vya kubangua na tani zao, mazungumzo yanaweza kuanza. Ukijibu kwa neno tungamotaka peke yake, hakuna cha kupigia kura bado.

Na hata baada ya kukubaliana, yapo ya kudai yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji kabla haujatiwa saini na mhuri. Mtambo wa aina hii huwa na mizani ya malori getini, kwa kuwa mwenyewe hulipia kwa uzito. Kila lori huacha karatasi yenye tarehe, tani, aina ya mzigo na ulikotoka. Mkulima wa korosho anaijua mizani vizuri. Amesimama mbele yake kila msimu akihesabu kilo zake na karani wa AMCOS, na ameshajifunza kutoondoka bila stakabadhi. Kijiji kikipewa nakala ya daftari hilo kila mwezi, halitakuwapo tena la kubishania kuhusu kinachochomwa mle ndani: maganda yataonekana ni maganda, na magogo yataonekana ni magogo.